Pembe Nne za Shuka

Kama hujawahi kukunja shuka la kitanda kikubwa peke yako, weka kitabu chini ukajaribu. Utalikanyaga, utajifunga nalo shingoni, mwishowe utaliviringa kama mzigo wa kuni na kulisukumia kabatini ukiomba mama asifungue mlango. Shuka lina pembe nne, na binadamu ana mikono miwili. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Ndiyo maana kila alasiri, akishatoka shule na kuvua viatu mlangoni, Kibanio alikuwa na kazi moja isiyokwepeka: kushika pembe mbili. Mbili nyingine zilishikwa na shangazi yake, ambaye alikuwa dobi. Walisimama pande mbili za chumba, mmoja huku, mwingine kule. Wakavuta. Wakakung'uta mara moja, pa! Wakakunja katikati, kisha Shangazi akapiga hatua mbili mbele, Kibanio hatua mbili, vidole vikagusana, Shangazi akapokea pembe zote nne na shuka likaenda kwenye meza ya pasi. Mashuka ishirini kwa siku, na thelathini kama nyumba ya wageni ya pale mtaani ilikuwa imejaa. Na katika mashuka yote hayo, maneno yaliyosemwa yalikuwa mawili tu: "Vuta," na "Lete."

Kibanio halikuwa jina lake la shuleni. Alipewa na Shangazi, na mtaa ukalipokea kama unavyopokea umbea, bila kuuliza lilikotoka. Mwenyewe hakulipenda. Vibanio vya nguo alivijua vizuri: vijiti viwili na waya katikati, vimepangwa kwenye kamba juani, havizungumzi na mtu. Alidhani aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa mwembamba na uso wake mkavu.

Mama yake alifariki yeye akiwa na miezi saba. Baba yake alifuata kazi mbali, na kazi ikammeza mzima mzima; hata salamu haikurudi. Hayo ndiyo yote aliyoyajua, kwa maana Shangazi hakuwa mtu wa hadithi. Asubuhi Kibanio alimkuta ameshaamka, maji ya kuoga yana moto, sare ya shule imenyooshwa hata mikunjo yake ungeweza kukatia kitunguu. Jioni walikula, redio ikizungumza kwa niaba ya wote wawili. Kibanio alikuwa na miaka kumi na mitatu, na moyoni alikuwa ameshakata shauri kwamba yuko peke yake duniani.

Siku moja Nesi alikuja shuleni. Nesi alikuwa amestaafu kazi ya hospitali miaka mingi, lakini bado alimtazama kila mtu kama anayetafuta mahali pazuri pa kuchoma sindano. Siku hizi alikuwa na kituo cha kulelea watoto wadogo, na kila likizo ndefu alichukua wanafunzi sita wakubwa akavuka nao mpaka, hadi nchi ya pili. Huko kulikuwa na nyumba ya watoto waliopasuliwa miguu, wanaokaa miezi kadhaa vitandani wakisubiri mifupa ishikane. Wanafunzi walijitolea huko wiki nne: kuwasomea, kuwalisha, kuwachezesha na kuwasukuma kwenye viti vya magurudumu.

Kibanio alisikiliza akiwa ameacha mdomo wazi. Aliwaona wale watoto. Aliwaona wamelala wakitazama dari, hawana mtu. Akajisemea, "Wale watanielewa. Wale ni wenzangu." Alilitaka jambo lile mpaka likamkosesha hamu ya kula, na Kibanio hakuwa mtu wa kukosa hamu ya kula.

Fomu ya kuomba nafasi ilikuwa na maswali kumi. Sita ya kwanza hata jiwe lingeyajibu: jina, umri, darasa, na mengine ya namna hiyo. Swali la saba ndilo lililomkwama kooni: "Nani alikulea, na unamshukuru kwa lipi?"

Alitafuna kalamu mpaka ikaingia mabonde. Aliyeketi naye dawati moja, msichana aliyeitwa Mwanasheria kwa sababu angeweza kumtetea paka mbele ya panya, akachungulia.

"Mbona umeganda?"

"Sina cha kuandika. Shangazi ananipa chakula, ananifulia. Basi."

"Mwenzangu, waombaji ni arobaini, nafasi sita! Ukiandika 'ananifulia', utabaki hapa hapa ukifuliwa. Andika kitu cha kuwatoa machozi."

"Kama nini?"

"Wewe ni yatima au si yatima?"

"Nusu. Kwa mama."

"Na baba hajulikani aliko. Sasa unataka nini tena? Andika hukuwa na mtu, umejilea mwenyewe."

"Huo si uongo?"

"Uongo wapi! Huo ni ufupisho."

Basi Kibanio akauandika ufupisho wake kwa mwandiko mzuri kuliko wote aliowahi kuandika: "Sikuwa na mtu. Nimejilea mwenyewe. Hakuna wa kumshukuru." Akausoma tena. Ajabu ni kwamba aliuamini. Uongo wa kumdanganya mwingine huwa na haraka. Lakini ule unaokukuta na huzuni zako huvua viatu, ukaketi, ukawa mwenyeji.

Fomu ilitaka saini ya mlezi. Jioni ile Shangazi alikuwa na mikono ndani ya beseni la wanga, ule wa kukazia kola za mashati. Akaitoa, akaifuta kwenye aproni mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaikagua dirishani, ndipo akaishika karatasi kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa kifaranga.

"Umeandika vizuri?"

"Vizuri, Shangazi. Hutaki kusoma?"

"Mifuko ya wateja naipekua kwa sababu maji hayajui kusoma, yataharibu barua ya mtu. Karatasi yako ni yako. Natia wapi?"

"Hapa."

Akatia saini polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, jina zima bila kuruka herufi. Kisha akaipuliza ikauke, ingawa kalamu ile haikuwa na wino wa kukauka. Kibanio aliyaona yote hayo, akaona ni ushamba mtupu.

Wiki moja baadaye jina lake likatokea miongoni mwa wale sita. Lakini Nesi hakuwa mtu wa kubeba mtoto wa watu kama anayebeba gazeti. Kila nyumba aliitembelea kwanza. Alipopiga hodi kwao, Shangazi na Kibanio walikuwa katikati ya shuka la kumi na moja.

"Endeleeni, endeleeni, kazi haisimami kwa mgeni," Nesi alisema, akajiwekea kigoda, akavaa miwani. "Nimekuja kumwona yule mtoto aliyejilea mwenyewe. Na wewe, dada, ndiye mwenye nyumba? Umempangisha?"

"Mimi ni shangazi yake," Shangazi alijibu.

Nesi akaishika fomu karibu na pua. Miaka thelathini ya kuwasomea wagonjwa vyeti vyao ilikuwa imemwachia ugonjwa wa kusoma kwa sauti, na mdomo wake ulikuwa na mbio kuliko akili. "Swali la saba," akasoma. "Sikuwa na mtu. Nimejilea mwenyewe. Hakuna wa…"

Hapo ndipo akili ikaufikia mdomo. Akanyamaza. Lakini maneno ni kama maji ya beseni, yakishamwagika hayaokoteki.

Macho yalimtoka Kibanio kama mjusi aliyebanwa na mlango. Shuka lilikuwa limenyooshwa kati yake na Shangazi, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kushika pembe, alihisi upande wa pili hakuna anayevuta. Shuka lilining'inia katikati kama tumbo la mgonjwa.

Kisha likavutwa tena, taratibu.

"Lete," Shangazi alisema. Akapokea pembe zote nne bila vidole vyao kugusana.

"Dada, mimi nilifikiri…" Nesi alianza.

"Hujakosea. Umesoma kilichoandikwa. Nikuletee chai?"

Nesi hakunywa chai. Alipotoka, alimwita Kibanio nje, akamtazama kwa yale macho yake ya sindano.

"Nafasi yako sijaifuta, wala sijaithibitisha. Utakuja kituoni kwangu Jumamosi tatu kufanya mazoezi na watoto, kama wenzako. Jumamosi ya tatu utanijibu swali la saba upya. Ukinijibu ulivyojibu, namchukua mtu wa saba kwenye orodha. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Kibanio alirudi ndani akiwa ameshayaandaa masikio. Alitaka kugombezwa. Kugombezwa kuna faida yake: kukiisha, kumeisha, mnakula. Lakini Shangazi hakumgombeza.

"Nenda kasome, mwanangu. Yaliyobaki nitakunja mimi."

"Peke yako?"

"Nimewahi."

Ukutani, karibu na dirisha, kulikuwa na misumari miwili iliyoachana kwa upana wa mabega ya mtu. Siku zote Kibanio alidhani ilikuwa ya kutundikia kalenda kubwa iliyochakaa ikatupwa. Shangazi akafunga kibanio cha nguo kwenye kila msumari kwa kamba, akabana pembe mbili za shuka, akarudi nyuma na pembe zake mbili, akavuta. Ukuta haukujibu kitu. Akakunja, akatembea mwenyewe mpaka ukutani, akazibandua, akarudi mwenyewe kwenye meza ya pasi. Shuka moja lilimchukua muda wa matatu.

Ikawa hivyo kila siku. Kibanio alitoka shule, akavua viatu, akakuta msumari umemchukulia kazi. Alikaa chumba cha pili na vitabu vyake, akisikiliza hatua za mtu mmoja zikienda ukutani na kurudi, zikienda na kurudi. Zamani alidhani yuko peke yake. Sasa alijua kuwa peke yake kunafananaje. Na kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba asubuhi maji ya kuoga yalikuwa bado yana moto, na sare ilikuwa bado imenyooshwa.

Kituoni, Nesi alimgawia kila mwanafunzi mtoto mmoja. Kibanio aligawiwa King'ora. King'ora alikuwa na mwaka mmoja na nusu, mashavu ya mviringo, meno sita, na sauti ya gari la zimamoto. Jumamosi ya kwanza alilia tangu mama yake alipomwacha mpaka alipomrudia, akapumzika mara mbili tu: mara moja kunywa maziwa, mara moja kumng'ata Kibanio. Jumamosi ya pili alimtapikia. Kibanio alimwimbia, akamkenulia, akamtengenezea mwanasesere wa soksi. King'ora akamtumbukiza mwanasesere kwenye ndoo ya maji machafu, kisha akalia kwa kuwa ameloa.

"Huyu hana shukrani hata chembe," Kibanio aliguna, akikamua soksi.

Nesi alikuwa akipita na rundo la nepi. Wala hakusimama. "Hana. Na wewe ulipokuwa na meno sita, ulikuwa nazo?"

Jumamosi ya tatu Kibanio aliacha kuimba. Alimfunga King'ora mgongoni kwa mbeleko, akaanza kuzunguka ua. Alizunguka mpaka kuku wa jirani wakamzoea. Kilio kikawa mguno, mguno ukawa pumzi, na mate ya uvuguvugu yakamtiririka Kibanio shingoni. Alipojaribu kumlaza kitandani, vidole vidogo vilikuwa vimeng'ang'ania ukosi wa gauni lake. Akabandua kimoja, alipobandua cha pili, cha kwanza kikarudi.

Nesi alikuwa akimtazama mlangoni. "Amekushika kama kibanio cha nguo huyo."

"Hilo ndilo jina langu la nyumbani," Kibanio alinong'ona.

"Nani alikupa?"

"Shangazi."

"Kwa nini?"

"Sijawahi kumuuliza."

Ikabidi abaki amesimama, kwani kila alipoinama mtoto aligutuka. Akasimama saa nzima, na ya pili. Mgongo ukawaka moto. Kibofu kikaomba ruhusa, akakinyima. Jioni mama yake King'ora alipotokea getini, mtoto aliamka, akapiga kelele za furaha, akaruka mikononi mwa mama yake, wakaondoka. Hakugeuka nyuma. Hakupunga mkono. Kibanio alibaki uani, mgongo umeloa, ukosi umevutika kama ulimi wa ng'ombe.

Jumamosi tatu tu, na mifupa yote ilikuwa inalalamika. Shangazi alikuwa na Jumamosi ngapi? Alijaribu kichwani: miaka kumi na mitatu, mara majuma hamsini na mawili… Hesabu hazikuwa rafiki zake, alifika mia sita na kitu akaacha. Na hizo zilikuwa Jumamosi peke yake. Jumatatu alikuwa hajazigusa.

"Haya," Nesi alisema, akimpa fomu mpya. "Swali la saba."

"Naomba unipe mpaka kesho, Nesi. Kuna mtu sijamuuliza kitu."

Nesi alitazama saa yake. "Kesho asubuhi. Isipite saa nne."

Mkabala na dirisha la kwao kulikuwa na kibanda cha Fundi Viatu, mzee mwenye misumari midogo mdomoni na utani mwingi nyuma ya misumari. Alipomwona Kibanio akaitema yote kiganjani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mtu mkubwa uliyejilea mwenyewe! Ulijinunulia viatu vya kwanza ukiwa na miezi mingapi?"

Kibanio alitamani ardhi ipasuke. "Nani kakwambia?"

"Dirisha lenu liko pale, masikio yangu yako hapa, na katikati hakuna pazia."

"Fundi, ile misumari miwili pale ukutani kwetu, unajua ni ya nini?"

Mzee alitazama misumari iliyokuwa kiganjani. "Niliigonga mimi," akasema. "Ulikuwa na miezi saba. Wakati ule shangazi yako alikuwa na msaidizi, binti hodari, wakikunja mashuka pamoja wakicheka mpaka mimi hapa nikosee tundu. Shangazi yako alikuwa mcheshi, hujui? Ukaletwa wewe. Mwanangu, ulilia! Mimi nilidhani kuna kiwanda kimefunguliwa. Siku ya nne yule binti akasema, 'Dada, chagua, mimi au hizo kelele.' Shangazi yako akachagua kelele."

"Akaondoka?"

"Akaondoka. Kesho yake shangazi yako akaja hapa, wewe uko mgongoni, umemkamata ukosi kama kibanio kwenye kamba, humwachii hata akienda kuoga. Akaniomba misumari miwili. Nikamuuliza, ya nini? Akasema, 'Fundi, shuka lina pembe nne, mimi nina mikono miwili, na mgongo umeshapata mwenyewe.'" Mzee akaokota kiatu, akakitazama bila kukiona. "Wanasema mkono mmoja haulei mwana. Kweli kabisa. Yeye alilea kwa miwili, na misumari miwili juu."

Kibanio hakuaga. Alivuka njia, akasahau kuvua viatu mlangoni. Ndani, shuka lilikuwa limenyooshwa kutoka ukutani hadi kwa Shangazi. Akaenda moja kwa moja kwenye misumari, akafungua kibanio cha kushoto, akafungua cha kulia, akazishika pembe mbili mikononi mwake.

"Vuta," akasema.

Shangazi alimtazama juu ya shuka. Akavuta. Wakakung'uta, pa! Wakakunja katikati. Shangazi akapiga hatua mbili, Kibanio hatua mbili, vidole vikagusana. Lakini safari hii Kibanio hakuziachia pembe.

"Shangazi, niliandika uongo."

"Nilijua. Mtu aliyejilea mwenyewe lazima awe alijibadilisha nepi, na mimi sikumbuki kukuona."

Kibanio alicheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo halipendezi usoni wala halifai karibu na nguo safi.

"Usinililie kwenye shuka la mteja," Shangazi alisema, lakini sauti yake haikuwa imenyooka.

"Nisamehe. Fundi ameniambia habari ya misumari. Kwa nini hukuniambia wewe?"

"Ningekuambia ili iwe nini? Ili kila ukila ukumbuke? Mtoto halelewi ili aje adaiwe shukrani." Akavuta pumzi. "Wala hilo silo lililoniuma. Kilichoniuma ni kwamba umekaa nyumba hii miaka yote hiyo ukiwa peke yako, na mimi nimo chumba hicho hicho. Mimi nilidhani tuko wawili."

Kibanio aliinamisha kichwa kikagusa mikono ya Shangazi, mikono iliyonuka sabuni na moto wa pasi, na ikawa kama anainusa kwa mara ya kwanza.

"Na mimi nina kosa langu," Shangazi akaendelea. "Mdomo wangu ulizoea kunyamaza ili nisikuamshe usingizini, ukasahau kwamba wewe umeshakua. Nilidhani sare iliyonyooshwa inasema."

"Ilikuwa inasema, Shangazi. Mimi ndiye sikuwa nasikiliza."

"Haya. Lete hizo pembe. Bado mashuka tisa."

Waliyakunja yote tisa, na maneno yalikuwa zaidi ya mawili. Shangazi alisimulia jinsi Kibanio alivyodai pembe zake alipotimiza miaka mitano, akaliangusha shuka la kwanza kwenye matope. "Nikalifua upya nikiimba. Wateja wakadhani nimepandwa na wazimu. Siku hiyo ndipo nilipofungua vile vibanio ukutani."

Asubuhi iliyofuata, saa tatu, Kibanio alikuwa mlangoni kwa Nesi. Swali la saba lilikuwa limejibiwa hivi: "Nililelewa na shangazi yangu, ambaye ni dobi. Nilipokuwa mdogo alimpa msumari pembe mbili za shuka ili mgongo wake uwe wangu. Namshukuru kwa mgongo, kwa maji ya moto, na kwa kuzichagua kelele zangu. Mwanzoni niliandika kwamba sikuwa na mtu. Ule ulikuwa uongo, na nimemwomba radhi."

Nesi alisoma, safari hii kimyakimya. Ilimchukua juhudi, midomo ilikuwa ikicheza.

"Kaa hapa nikwambie kitu," akasema. "Wale watoto tunaowaendea, unajua walifikaje pale? Mmoja alibebwa na bibi yake siku mbili. Mwingine baba yake analala nje ya geti kila mwisho wa wiki ili amwone dakika kumi. Ukifika pale ukidhani hawana mtu na wewe ndiye mkombozi wao, utawatukana waliowabeba. Asiyemwona aliyembeba yeye, hawezi kumwona aliyembeba mwenzake. Ndiyo maana swali la saba liko kwenye fomu yangu. Mengine nimeyaweka kujaza karatasi tu."

"Kwa hiyo sitakwenda?"

"Utakwenda. Lakini uongo una nauli yake. Pale kuna vitanda arobaini. Wiki ya kwanza wenzako watacheza na watoto. Wewe utakuwa chumba cha kufulia, unakunja mashuka."

Nesi alitarajia uso ukunjamane. Badala yake Kibanio alitabasamu mpaka masikioni. "Nitafanya. Hiyo kazi naijua."

Siku mbili kabla ya safari Kibanio hakulala usingizi mzuri; alikuwa na wasiwasi mmoja. Wiki nne, mashuka ishirini kwa siku, na ile misumari pale ukutani. Akavuka njia hadi kwa Fundi Viatu.

"Mimi?" mzee akasema. "Mimi ni wa ngozi na gundi, mwanangu. Shuka nitalitoboa."

"Utashika pembe mbili tu. Saa kumi mpaka saa kumi na moja. Na Shangazi ni mcheshi, umesema mwenyewe."

Mzee aliona haya, jambo ambalo halikuwahi kuonekana pale mtaani. "Basi nitanawa mikono," akasema.

Alinawa mara tatu. Somo la kwanza lilikuwa la aibu: alivuta kwa nguvu kama anayevuta uzi wa soli, Shangazi akaja mbio mpaka katikati ya chumba bila kupenda. Na hapo Kibanio akasikia sauti asiyoijua. Ilikuwa nzito kidogo, yenye kutu, kama bawaba ya mlango uliofungwa siku nyingi. Shangazi alikuwa anacheka.

Siku ya safari gari la Nesi lilifika saa kumi jioni. Shangazi alimkagua Kibanio kola, akamkagua vifungo, akampekua mifuko kwa mazoea, akatia humo kitambaa cha mkono kilichonyooshwa. Kisha akasema neno alilokuwa amelifanyia mazoezi tangu asubuhi.

"Nitakukumbuka."

Likatoka limekunjamana kidogo, lakini likatoka.

Gari lilipoanza kuondoka Shangazi hakupunga mkono, kwani alikuwa amesharudi ndani kwenye mashuka na mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Dirisha la nyumba lilikuwa wazi, na sauti yake ikawafuata mpaka kona: "Taratibu, Fundi! Shuka halina kisigino!"

Kibanio alicheka. Nyumba zikapita, mtaa ukaisha, na upweke ukaja ukaketi karibu naye kama abiria aliyelipa. Ila safari hii haukumtisha. Upweke wa mtu mwenye wa kumkumbuka ni mwingine kabisa.

Nesi alimtupia jicho kwenye kioo. "Mbona umefumba mikono hivyo? Umeshika nini?"

Kibanio alitazama mapajani. Kweli, vidole vilikuwa vimefumbwa, kidole gumba juu ya cha shahada, kulia na kushoto.

"Pembe mbili," akasema.

"Zishike hivyo hivyo mpaka tufike," Nesi akamwambia. "Mwenye pembe mbili mkononi hasahau kwamba kuna mtu ameshika mbili nyingine."